Kiboko Hajali Megapikseli Zako

Wasee, wacha niseme hii kitu hata kama nitapoteza mafolowa. Hii tabia ya kuchagua kamera ya projekti kwa kuuliza "iko na megapikseli ngapi?" ni upuzi. Na kama projekti yenyewe ni ya kulinda watu, ni upuzi wa kuua.

Siongei juu ya kamera ya simu, wala ile ya kushuti video za TikTok. Naongea juu ya zile kamera ndogo unachomeka kwa bodi, ESP32 ama Raspberry Pi, ndio mashine yako ipate macho. Siku hizi kila kijana anayejua kushika waya ana projekti ya aina hiyo, na hiyo ni poa sana. Shida ni vile tunanunua.

Hapa Kamere wazo ni moja kwa karibu kila mtu: kamera itambue kiboko akitoka ziwani, king'ora kilie, watu waingie ndani. Si wazo la mchezo. Tuko kando ya Ziwa Naivasha, na ziwa likifura, maji yanasogea karibu na nyumba na viboko wanasogea nayo. Mchana kiboko analala ndani ya maji. Giza likiingia anatoka kula nyasi, na njia yake haiulizi kama wewe umetoka shifti ya maua ama umetoka kununua sukuma. Mwezi Agosti 2018, wikendi moja tu, viboko waliua mtalii wa Taiwan na mvuvi wa hapa hapa Naivasha. Huyo mtalii ndiye dunia ilisikia. Wavuvi wetu huwa ni habari ya siku moja.

Kwa hivyo mtu akitengeneza king'ora cha kiboko, nampigia makofi. Lakini pia namkagua, kwa sababu mashine mbovu ya usalama ni mbaya kuliko kutokuwa na mashine. Bila mashine, mama anamulika njia na tochi na kusikiliza. Ukimwambia kuna kamera inalinda, anaacha kusikiliza. Sasa kamera yako ikiwa kipofu saa nne usiku, umemnyang'anya masikio na hujampa macho.

Tuanze na hawa wasee wa video za kufungua boksi. Unawajua. Meza safi, taa nyeupe, kamera mpya, halafu picha ya ua mchana wa jua kali. "Cheki vile iko klia!" Klia kweli. Kila kamera iko klia saa sita mchana, hata ile ya bob mia ngapi. Hakuna mtu hupeleka hiyo kamera nje usiku, mvua ikinyesha, ikitumia betri, halafu akuonyeshe picha nyeusi. Picha nyeusi haina views. Kwa hivyo kijana anaenda Luthuli Avenue na doo yote aliyochanga miezi mitatu, ananunua nambari kubwa zaidi kwenye boksi, na anarudi nyumbani akifikiri amenunua macho.

Megapikseli ni idadi ya vipande vya picha, basi. Haikuambii kila kipande kinashika mwanga kiasi gani. Chukua Raspberry Pi Camera Module 3 iliyotoka mwaka 2023. Kihisi chake, yaani ile chipu inayopokea mwanga, ni IMX708 ya Sony, karibu megapikseli 12, na kila pikseli ina upana wa mikromita 1.4. Mwaka huo huo Raspberry Pi wakatoa kamera nyingine, Global Shutter Camera, yenye IMX296 ya Sony pia. Hiyo ina megapikseli 1.6 tu. Lakini kila pikseli yake ni mikromita 3.45. Piga hesabu ya eneo: pikseli moja ya hiyo "ndogo" ni kama mara 6 ya pikseli ya hiyo "kubwa". Ni kama kuweka ndoo badala ya kikombe wakati wa mvua.

Na bei je? Module 3 ilitoka ikiuzwa dola 25. Global Shutter ilitoka ikiuzwa dola 50, bila hata lenzi. Megapikseli chache, bei mara mbili. Kama megapikseli ndiyo ubora, hiyo kampuni imerukwa na akili? Hapana. Wanajua watu tofauti wana maswali tofauti.

Hilo ndilo neno: swali. Kamera ya mashine si ya kupiga picha nzuri. Ni ya kujibu swali moja. Swali la king'ora cha Kamere si "kiboko huyu anapendeza?" Ni "kuna kitu kikubwa chenye joto kwenye hii njia sasa hivi, ndio au la?" Ukishaliandika hivyo kwa karatasi, nusu ya kamera za dukani zinajitoa zenyewe.

Mtaniambia, "Lakini AI inahitaji picha kubwa." Sawa, tuongee AI. Modeli nyingi za kutambua picha kama MobileNet zimezoea kupokea picha ya pikseli 224 kwa 224. Hiyo ni pikseli 50,176. Kamera yako imepiga karibu milioni 12, programu ikazipunguza, na modeli ikala chini ya nusu ya asilimia moja. Zile modeli ndogo za kukaa ndani ya ESP32 ndio kabisa: kuna mfano maarufu wa kutambua mtu unaotumia picha ya 96 kwa 96, bila hata rangi. Pikseli 9,216. Umelipia mbuzi mzima, mashine imekula ulimi.

Kuna hoja moja ya kweli hapo na siikatai: kama mnyama yuko mbali na mwanga upo, picha kubwa inakuruhusu kukata kipande chake kabla ya kukipa modeli. Sawa kabisa. Lakini soma tena hayo masharti. Mwanga upo. Kiboko wetu anatoka wakati haupo.

Halafu kuna bodi yenyewe. ESP32-CAM ndiyo wengi wetu huanza nayo kwa sababu ni rahisi kupata na bei yake haiumi. Kamera yake ya kawaida ni OV2640, megapikseli 2, picha ya 1600 kwa 1200. Picha moja ya hiyo saizi ikiwa mbichi, baiti mbili kwa kila pikseli, ni karibu megabaiti 4. ESP32 yenyewe ina memori ya kilobaiti 520. Ndio maana bodi imeongezewa memori ya nje, na ndio maana OV2640 inabana picha kuwa JPEG ndani ya kihisi chenyewe kabla ya kuituma. Hiyo kazi ya kimya kimya ndiyo imeifanya ikae mjini miaka hii yote, si megapikseli. Msee anayelia ati ESP32 "haishiki" kamera kubwa anataka kumwaga pipa ndani ya glasi.

Sasa stima. Kwa karatasi za ESP32-CAM, bodi ikifanya kazi bila ile taa yake inakula kama miliampea 180 kwa volti 5. Usiku mmoja ni saa 12. Hiyo ni karibu wati-saa 11. Betri moja ya 18650 ya miliampea-saa 2,500 inabeba kama 9. Umeona? Mashine yako inalala kabla ya alfajiri, na hakuna mtu atajua imelala. Bodi hiyo hiyo ikiwekwa usingizini inakula miliampea 6. Kwa hivyo jibu si kamera kubwa zaidi, ni kamera inayolala. Unaweka kitambuzi kidogo cha PIR, kile cha taa za usalama kwenye mageti, kikihisi kitu chenye joto kinasonga kinaamsha bodi. Kitambuzi hicho ni rahisi, kinafika mita 7 hivi, na usipokiwazia kabla ya kamera umepoteza betri zako.

Na giza? Kamera za kawaida zina kichujio kinachozuia infraredi ndio rangi zitoke sawa mchana. Ukiweka taa za infraredi ukaacha kichujio, umewasha taa mbele ya mtu aliyefumba macho. Ndio maana kuna kamera za Raspberry Pi zinaitwa NoIR, hazina hicho kichujio. Ndio maana kuna lenzi za OV2640 za usiku. Hata taa zenyewe ni za kuchagua: za nanomita 850 zinaonekana wekundu kidogo ukizitazama, za 940 hazionekani, lakini kihisi nacho kinaziona vibaya zaidi. Na umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika kwa mnyama unabaki robo. Hakuna video ya kufungua boksi inakuambia hayo, kwa sababu kwenye boksi hakuna usiku.

Sasa ngoja niwape hesabu inayonifanya nipige kelele. Kuna kamera ndogo ya joto inaitwa MLX90640. Haioni mwanga kabisa, inaona joto. Ina pikseli 768. Si laki, si milioni: 32 kwa 24. Ukiiweka kwa Instagram utachekwa. Ile yenye lenzi ya digrii 55, kwa umbali wa mita 10 inaona upana wa kama mita 10. Gawa kwa 32: kila pikseli ni kama sentimita 32. Kiboko mzima ana urefu wa mita 3 na zaidi. Kwa hiyo picha, kiboko akipita ubavu, ni doa la joto la pikseli kama 10 kwa upana, na 5 hivi kwenda juu. Mtu ni kijiti chembamba. Paka ni nukta. Swali letu lilikuwa nini? "Kuna kitu kikubwa chenye joto?" Pikseli 768 zinaweza kujibu kwenye giza totoro. Milioni 12 bila taa haziwezi.

Sijasema ni muujiza. Kwa mita 30 kiboko huyo amebaki pikseli 3. Akitoka tu majini ngozi imepoa, doa linafifia. Ng'ombe pia ni kubwa na ana joto. Na bei yake inazidi ESP32-CAM nzima mara kadhaa. Lakini hizo ni shida unazoweza kuzipima na kuzipangia. Shida ya kamera isiyoona giza hupangii kitu.

Walio na pesa waliligundua hili zamani. Mwaka 2016 WWF na wenzao walileta kamera za joto za FLIR kule Maasai Mara kusaka majangili usiku, na ndani ya miezi michache wakanaswa zaidi ya 20. Hakuna aliyeuliza kama hizo picha zinafaa kuwekwa kwenye kalenda. Na si lazima uwe shirika la kimataifa. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri walitengeneza mitego yao ya kamera kwa Raspberry Pi na OpenMV, wakaiweka kwenye hifadhi yao wenyewe, wakapata picha za pundamilia, swala pala na ngiri, wakaziachilia bure kwa yeyote anayetaka kufundisha modeli. Vifaa ambavyo hata sisi tunaweza kununua. Tofauti ni kwamba walijua wanatafuta nini.

Tena kuna Richard Turere. Kijana wa Kimaasai kutoka Kitengela, upande wa Mbuga ya Nairobi, simba walikuwa wanamaliza ng'ombe wa baba yake. Akagundua simba wanaogopa taa inayosonga. Akachukua betri ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu. Mwaka 2013 alisimama jukwaa la TED akaelezea dunia. Megapikseli zake? Sifuri. Aliuliza swali sawa na jibu halikuhitaji kamera. Wewe umewahi kujiuliza kama projekti yako inahitaji kamera kweli?

Na kamera ukiinunua, mahali pa kuiweka ni uamuzi mkubwa kuliko kamera yenyewe. Kiboko anaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Ukimtambua mita 10 kutoka mlangoni, umebaki na sekunde moja na kidogo, hata jina la mtoto hujamaliza kuita. Sasa watu wanafikiri dawa ni kamera ya kuona mita 60. Zii. Dawa ni kamera ya bei ndogo iliyowekwa kando ya njia ya kiboko, mita 60 kutoka kwa nyumba, halafu ishara ndiyo isafiri, kwa waya ama kwa redio ya LoRa. Mita 60 ni sekunde 7. Si nyingi, lakini zinatosha kumvuta mtoto ndani na kufunga mlango. Na uamuzi ufanywe hapo hapo kwenye bodi. Ukitegemea kutuma picha kwenye intaneti kwanza, uombe Mungu data isikatike na kiboko awe na subira.

Mwingine atasema kamera yenye picha klia ni bora kwa sababu "itanasa na wezi". Hapo ndio unaingia shimo lingine. Njia ya kwenda ziwani ni njia ya watu. Kamera klia inashika nyuso za majirani wakitoka kazini, watoto, wapenzi wa watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na si ya kupamba kabati: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Doa la joto la pikseli 10 halina sura ya mtu. Hapo udogo wa picha ni faida, na utaelewana na majirani mapema.

Na msidhani hii ni stori ya viboko tu. Chukua msee anayetaka mashine ya kupima urefu wa mashina ya waridi kwenye mkanda unaosonga. Mchana, ndani ya nyumba, taa tele. Hapo megapikseli zitasaidia? Kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari. Kama inachukua sehemu moja ya 30 ya sekunde kumaliza, na mkanda unakimbia mita moja kwa sekunde, mstari wa mwisho umechelewa kwa zaidi ya sentimita 3. Waridi huuzwa kwa urefu wa shina. Sentimita 3 zinaweza kulishusha ua gredi nzima. Huyo ndiye wa kununua ile Global Shutter ya megapikseli 1.6, inayosoma picha yote kwa mpigo. Swali tofauti, kamera tofauti.

Mtasema mimi niliacha chuo, najua nini. Sawa. Hizi hesabu zote ni za kugawanya na kuzidisha, za darasa la saba. Hazihitaji digrii, zinahitaji mtu akae chini kabla ya kutoa pesa.

Kwa hivyo kabla ulipe hata bob, andika mambo haya kwa karatasi. Mashine inajibu swali gani, kwa sentensi moja? Saa mbaya kabisa ya kazi yake ni saa ngapi, na kuna mwanga gani? Kitu kiko mita ngapi, na kitakuwa pikseli ngapi kwenye picha? Betri inabeba wati-saa ngapi, na bodi inakula ngapi mpaka asubuhi? Hiyo kamera inaingia kwa bodi yako kweli? Maana kamera ya USB haiingii ESP32-CAM, na kebo ya Raspberry Pi Zero ni nyembamba kuliko ile ya Pi 4, kuna watu wamejua hayo wakiwa tayari nyumbani. Mwisho, nani mwingine atanaswa na hiyo kamera, na umemwambia?

Halafu jaribu. Na usiende ziwani usiku kujaribu, tafadhali, tusije tukachangisha mazishi. Omba jirani mwenye ng'ombe. Mfunge mita 10, saa mbili usiku, taa zote zimezimwa, mashine iko kwa betri. Ikimwona mara 20 kati ya 20, rudi kesho kukinyesha. Ikimkosa mara tano, usiniambie kamera ni ya megapikseli ngapi.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, challenge ni hii: video ijayo ya kamera, anzeni na picha ya saa nane usiku. Hata kama ni nyeusi tii. Mtachoma picha kidogo, views zitashuka kidogo, lakini kuna kijana Kihoto ama Karagita ataona, aache hiyo kamera dukani, na anunue inayoona.